Waliotoroka utumwa Ujiji na Tabora, nani aliwapokea?

Watu wengi wanaokuja Ujiji wakishaona ile sehemu ya Livingstone na miembe yake huwa wananiuliza swali moja, kwamba hapa kwetu mtumwa akitaka kutoroka alikuwa anasaidiwa na nani, kulikuwa na njia za siri kama zile tunazosikia za Marekani au vipi. Mimi kazi yangu ni historia ya hii barabara ya kati, ile ya misafara ya Bagamoyo, Mpwapwa, Tabora mpaka Ziwa Tanganyika, na hili swali nalipenda sana kwasababu shuleni tunafundishwa watu walivyokamatwa, tunafundishwa pembe za ndovu na minyororo, afu ghafla tunaambiwa utumwa ukakomeshwa, basi. Wale waliojitoa wenyewe hapo katikati hatuwasikii.

Kwanza tuweke sawa kitu kimoja. Si kila aliyebeba pembe kwenye hii barabara alikuwa mtumwa. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi huru kabisa, wanalipwa, na kazi hiyo walishaizoea kabla Burton na Speke hawajafika Tabora mwaka 1857. Sasa wanaume wakiwa safarini miezi na miezi, shamba nyumbani analima nani? Ndo maana watumwa wengi waliotolewa Manyema, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, pwani hawakufika kabisa, waliishia Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, na vijiji vya jirani wakilima, wengi wao wanawake na watoto. Na mwaka 1873 Sultani Barghash alipofunga soko la watumwa la Zanzibar, kisha 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa kuingia pwani, biashara haikufa, watu wengi zaidi wakabaki huku bara.

Sasa mfikirie mama aliyetekwa Manyema akaletwa kulima Tabora. Kutoka shambani usiku alikuwa anaweza, mashamba hayakuwa na ukuta. Shida inaanza kukicha. Kwao ni ng'ambo ya mto Malagarasi, afu ng'ambo ya ziwa ambalo hapa mbele ya Kigoma lina upana wa kama kilometa 50, mtumbwi hana, na hicho kijiji chenyewe pengine kilishachomwa siku alipotekwa. Njiani mtu asiye na ndugu, asiye na mtemi wa kumtaja, alikuwa anaweza kukamatwa na mtu mwingine kabisa akauzwa upya. Kwahiyo mimi nikiulizwa nani aliwasaidia watoro nasema ni yule aliyekuwa tayari kusimama mbele ya watu aseme huyu ni wangu. Njia za kutorokea zilikuwepo, kilichokuwa adimu ni mahali pa kufikia, na ukilishika hilo utaielewa historia yote ya uhuru huku kwetu.

Vijana wa kiume wenye mbio walikuwa na pa kukimbilia kwa Mirambo, yule mtemi wa Wanyamwezi. Vita yake na Waarabu wa Tabora ilianza 1871, njia ya kwenda Ujiji ikafungwa, na kwenye rugaruga wake, yaani wapiganaji wake, walikuwemo watoro waliokimbia mabwana zao, wakapewa bunduki na mgao wa mateka. Ila tusimpambe. Mirambo naye alikuwa na watumwa, na rugaruga walikuwa wanateka watu, yaani aliyetoroka juzi leo anamfunga kamba mwenzake. Inauma kuandika hivyo lakini ndo ilivyokuwa, mahali pa kufikia palikuwa na bei yake.

Afu wakaja Mapadri Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki, waliotumwa na Kardinali Lavigerie. Tabora walifika 1878, Ujiji mwanzoni mwa 1879, na walichokuwa wanafanya ni kununua watoto kwa vitambaa na kuwalea. Kipalapala, ambayo leo watu wanaijua kwa seminari, ilikuwa na kituo cha watoto wa namna hiyo. Kule Karema, kusini yetu kando ya ziwa, kwenye boma walilojenga Wabelgiji 1879 na mapadri wakalipokea 1885, waliokombolewa walipewa mashamba, wakaozeshwa wao kwa wao, pakawa kijiji. Maoni yangu ni kwamba kununua mtoto ili umtoe utumwani kunamwokoa yule mtoto, hilo sibishani na mtu, lakini muuzaji naye anaondoka na vitambaa vyake na anajua wateja wapo. Na mtoto mwenyewe hakuulizwa dini wala maisha anayoyataka. Pamoja na hayo siwezi kuwadharau wale mapadri, kwasababu wapo waliokufa kwa ajili hiyo, tarehe 4 Mei 1881 pale Rumonge, kaskazini yetu, leo ni Burundi, mapadri wawili na msaidizi wao mmoja waliuawa kwenye ugomvi uliohusu mtoto waliyekuwa wamemkomboa.

Anayenigusa kuliko wote kwenye habari ya Karema hakutekwa huku. Adrien Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, huko Mali ya leo, akaibwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, na miaka ya 1870 Mapadri Weupe wakamnunua kule Algeria. Wakampeleka Malta kusomea udaktari, akamaliza 1888, mwaka uliofuata akawa ameshafika Karema, na hakuondoka tena, alikaa hapo mpaka alipokufa 1956. Hebu piga hesabu, ni zaidi ya miaka 60 anatibu watu wa mwambao wa Tanganyika, wakiwemo waliotoka kwenye minyororo kama yeye. Alioa hukuhuku, na mwanawe Joseph akawa padri. Timbuktu ilikuwa mbali mno, basi akaifanya Karema kuwa kwao, na watu wa Karema wakamkubali. Kwangu mimi huo ndo uhuru uliokamilika, mtu anapokuwa na watu wake.

Wapo waliopata watu kupitia Uislamu, na hapa nawaomba msome taratibu maana wengi tunadhani misheni ndo ilikuwa mlango pekee. Sheikh Yahya bin Abdallah, anayejulikana kama Sheikh Ramiya wa Bagamoyo, alitekwa Manyema akiwa mdogo akauzwa pwani kwa Amir bin Sulaiman al-Lamki. Akafanya biashara, akasoma, akaachwa huru, akawa khalifa, yaani kiongozi, mkubwa wa Qadiriyya, moja ya tarika, yaani jumuiya za Waislamu wanaomdhukuru Mungu pamoja, na mwaka 1916 Waingereza wakamfanya liwali wa Bagamoyo, yaani msimamizi wa mji kwa niaba ya serikali. Alifariki 1931. Ndani ya tarika, mzaliwa wa Manyema na mwungwana wa pwani walikaa kwenye zikri moja, na Qadiriyya ikapanda hii barabara mpaka Tabora na Ujiji. Mtu ambaye jana anaitwa kwa jina la bwana wake leo ana sheikh wake na ndugu zake wa kumzika.

Halafu serikali. Wajerumani walipandisha bendera Tabora 1890 lakini utumwa hawakuufuta, msidanganywe. Walitoa hati za uhuru kwa mtu mmojammoja, makumi ya maelfu ya hati kwa nchi nzima, na mwaka 1901 wakaweka sheria kwamba mtumwa apewe siku mbili kwa wiki za kujifanyia kazi zake na aruhusiwe kujikomboa kwa pesa. Mwaka 1904 wakatangaza kuwa watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Kilichosaidia sana kwa mtazamo wangu ni mshahara, kwasababu reli ilipofika Tabora 1912 na Kigoma 1914 kazi za kulipwa zilikuwa zimeongezeka, mtu anaenda kibaruani, anajilipia au anaondoka tu harudi. Vita ya Kwanza ya Dunia ikaja, Wabelgiji wakaichukua Kigoma na Tabora 1916, wengi wakaondoka bila kumuuliza mtu. Sheria ya Waingereza ya kufuta utumwa Tanganyika ilikuja 1922 ikakuta watu wengi wameshajifuta wenyewe.

Na wale waliobaki Ujiji bila ndugu, waliotoka kwenye makabila kibao ya mashariki mwa Kongo, wakawa Wamanyema. Jina moja, Kiswahili kimoja, msikiti mmoja, harusi na misiba pamoja, na humo ndani mtu huru aliyevuka ziwa kufanya biashara na mtu aliyevushwa kwa nguvu wakachanganyikana mpaka leo huwezi kuwatenganisha. Wapo wanaosema huko ni kuficha historia. Mimi naona wale wazee walifanya jambo kubwa sana, walitengeneza ukoo pale ambapo ukoo haukuwepo, na mtoto wao hakuna aliyeweza kumnyooshea kidole.

Kwahiyo ukienda kuuliza wazee mambo haya, usiingie na swali la "babu yako alikuwa mtumwa?", ni matusi na hutaambiwa kitu. Uliza walifikaje hapo, nani aliwapa kiwanja cha kwanza, nani aliwaozesha, hapo utasikia mengi. Na kama kwenye sanduku la bibi kuna karatasi ya zamani ya Kijerumani yenye muhuri msiichome wala kuilaminisha, inawezekana kabisa ni hati ya uhuru. Ipigeni picha, iwekeni kwenye bahasha kavu mbali na mchwa, na mkitaka isomwe mpelekeeni mtu wa nyaraka kwa idhini ya familia, msiitupie mtandaoni ikiwa na majina.