Je, wajua kwa nini 4,294,967,297 si namba tasa?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba namba hii ni tasa, yaani haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Niliangalia ndugu zake waliotangulia. Chukua 2, izidishe kwa yenyewe upate 4, kisha 16, 256, 65,536. Kila moja iongezee 1. Unapata 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote tasa. Ya sita ni hii yetu, 2³² + 1.

Mfaransa Pierre de Fermat naye aliamini hivyo mwaka 1640, ingawa alikiri kuwa hana uthibitisho. Nami nilidhani mifano mitano inatosha, tena nikadhani kwamba namba ya mabilioni, kama ina kigawo, basi nacho kitakuwa kikubwa mno. Sivyo. Katika kila namba 641 zinazofuatana, moja hugawanyika kwa 641, ziwe ndogo au kubwa kiasi gani. Na mwaka 1732 mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler alionyesha kuwa namba hii ni 641 × 6,700,417.

Unaweza kuliona hilo bila kugawanya. Tazama saa ya ukutani: ikiwa saa kumi, baada ya saa tano itakuwa saa tatu, si saa kumi na tano. Kumi na mbili imetupwa. Sasa fikiria saa yenye alama 641, ambapo kila ukifika 641 unarudi sifuri. Hapo 640 iko hatua moja nyuma ya sifuri, kwa hiyo ni sawa na −1.

Lakini 640 ni 5 × 2⁷. Ipandishe kwenye kipeo cha nne: −1 inakuwa 1, basi 5⁴ × 2²⁸ inaangukia 1. Sasa 5⁴ ni 625, hatua 16 nyuma ya sifuri, yaani −2⁴. Iweke mahali pa 5⁴ upate −2³², nayo inaangukia 1. Basi 2³² inaangukia −1. Ongeza 1, mshale uko kwenye sifuri. Hakuna baki.

Uzuri wote umo katika 641 yenyewe: ni 640 + 1, na papo hapo ni 625 + 16.

Hata hivyo, hoja hii inathibitisha tu, haikuonyeshi pa kutafuta. Euler alithibitisha baadaye kwamba kila kigawo tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, hubakiza 1. Tasa za namna hiyo ni 193, 257, 449, 577, kisha 641. Jaribio la tano tu!

Tangu hapo haijapatikana tasa nyingine katika ukoo huu. Kuanzia hii yetu, 28 mfululizo zimethibitishwa kuwa si tasa, lakini hizo nazo ni mifano tu. Inayofuata ina tarakimu zaidi ya bilioni 2.5, na hadhi yake bado haijaamuliwa.