Je, wajua? Orodha yenye mapengo yaweza kutoa jibu la uhakika

Chukua makontena matatu yaliyopandana kwenye yadi ya Kilindini, Mombasa. La juu, A, limekaguliwa. La chini, C, halijakaguliwa. Kuhusu B, la katikati, karani hakujaza kitu. Je, kuna kontena lililokaguliwa ambalo limekalia kontena ambalo halijakaguliwa?

Wengi husema haiwezekani kujua mpaka B lifahamike. Kumbe jibu ni ndiyo. B likiwa limekaguliwa, limekalia C. Likiwa halijakaguliwa, A limelikalia. Hatujui ni jozi gani, ila jozi ipo.

Kwa lugha ya mantiki, orodha ya karani ni modeli pungufu: vitu vyote vinajulikana, lakini baadhi ya sifa zao hazijulikani. Ukijaza mapengo yote unapata modeli kamili. Hapa pengo ni moja, kwa hiyo namna za kujaza ni mbili. Kauli iliyo kweli kwa kila namna ya kujaza ina uhakika, na iliyo uongo kwa kila namna imekanushika. Ikiwa kweli kwa namna moja na uongo kwa nyingine, haijulikani. Mwanafalsafa Bas van Fraassen aliieleza mbinu ya aina hii mwaka 1966.

Ubaya wake ni hesabu: mapengo 20 huzaa namna 1,048,576 za kujaza.

Njia nyepesi ni jedwali la mwanamantiki Stephen Kleene, la mwaka 1938, lenye thamani tatu: kweli, uongo, haijulikani. Kwenye "na", uongo mmoja unatosha kuangusha kauli nzima. Kwenye "au", ukweli mmoja unatosha kuisimamisha. Ukikanusha kisichojulikana, kinabaki hivyo hivyo. Uzuri wake mkubwa ni kwamba jibu likishatoka kweli, kujaza pengo baadaye hakuligeuzi kamwe.

Lakini ijaribu kwenye makontena yetu. "A limekaguliwa na B halijakaguliwa": kweli na haijulikani, jibu haijulikani. "B limekaguliwa na C halijakaguliwa": tena haijulikani. Unganisha kwa "au", unabaki pale pale. Jedwali la Kleene halidanganyi, ila limepitwa na jibu. Linaona thamani tu. Halikumbuki kwamba mashaka yote mawili yanatoka kwa B yule yule, na kwamba moja likianguka lingine lazima lisimame. Ndiyo maana hata "B limekaguliwa au halijakaguliwa" hulishinda.

Kwa hiyo anza na jedwali. Likikwama, gawanya hali kwa yale mapengo yanayogusa swali tu, si yote.

Hifadhidata za SQL, lugha ya kuulizia data, hufuata jedwali hilohilo, na hapo ndipo mawakala wa mizigo wanapopaswa kuwa makini. Ukiomba makontena yaliyokaguliwa unapata A. Ukiomba ambayo hayajakaguliwa unapata C. B halimo popote, kwa sababu WHERE, sharti la kuchuja, hupokea kweli pekee. Liombe kwa jina lake: IS NULL, yaani "ni pengo". NOT IN, yaani "haimo kwenye orodha", ni mbaya zaidi: pengo moja tu ndani ya orodha unayolinganisha nayo, na hakuna safu hata moja itakayorudi, maana "si sawa na" pengo haiwezi kuwa kweli. Ondoa mapengo kwanza kwenye orodha hiyo, au tumia NOT EXISTS, yaani "hakuna kinacholingana".