Ncha Kupasuka Si Nywele Kunyonyoka

Kaa kidogo katika saluni yoyote ya Mombasa, iwe Kongowea, iwe Likoni, na utasikia malalamiko matatu yakitiwa kapu moja: nywele zangu zakatika, nywele zangu zanyonyoka, ncha zangu zimepasuka. Na dawa anayopewa mtu huwa ni moja pia: chupa ya mafuta, apakae kwenye ngozi ya kichwa, asubiri. Wenye nywele ndefu na nzito, wale ambao wakifungua msuko zateremka hadi kiunoni, ndio wanaotoa pesa nyingi zaidi, na wengi wao wanatibu kitu ambacho hawana.

Ncha zilizopasuka ni mwisho wa unywele uliochakaa hadi ukagawanyika vipande viwili au zaidi. Basi. Si maradhi ya kichwa, wala si husuda ya mtu. Unywele una ganda la nje la magamba yaliyopangwa kama makuti ya paa, kila safu imelalia inayofuata, na yote yameelekea upande wa ncha. Ndani ya ganda mna nyuzi nyembamba za keratini, yaani protini inayojenga nywele, na humo ndimo nguvu ya unywele ilimo. Magamba yakishaliwa na chanuo, jua na moto wa pasi, nyuzi hizo hubaki wazi, kisha zaachana.

Linaloniudhi ni kuchanganya hili na kunyonyoka. Ni mambo mawili yasiyo na udugu.

Unywele ulionyonyoka umetoka mzima, kuanzia ngozini. Kila unywele una muhula wake: hukua kwa miaka kadhaa, ukapumzika kama miezi 3, halafu ukaachia ili mwengine uote pale pale. Mtu mzima mwenye afya hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku namna hii, na hana upungufu wowote. Sasa chukua mwanamke anayeosha na kuchana mara moja kwa wiki. Zote zilizoachia siku zile zimebaki zimenaswa ndani ya msuko, zikisubiri chanuo. Siku ya kuchana zatoka pamoja, na kwa kuwa ni ndefu, zajikunja bonge la kujaza kiganja. Ashtuke, ni haki yake. Lakini bonge lile halisemi lolote kuhusu ncha zake.

Njia ya kujua ni rahisi, na haihitaji mtaalamu. Twaa unywele mmoja kutoka kwenye chanuo, uulaze juu ya kitambaa cheusi, buibui litafaa sana, usogee dirishani. Angalia mwisho wake wa upande wa kichwani. Ukiona kitone cheupe, kidogo kuliko punje ya ufuta, unywele huo umenyonyoka. Wengi wakikiona kitone hicho hulia kwamba mzizi umeng'oka na unywele hautarudi tena. Sivyo. Hicho ni kitako cha unywele uliomaliza muda wake. Kinachootesha kimebaki ndani ya ngozi. Usipokiona kitone, na kipande chenyewe ni kifupi, huo umekatika njiani. Na ukitaka kuona uliopasuka, usiutafute kwenye chanuo kabisa. Shika fungu la nywele zilizo kichwani, lisokote kidogo, utaziona ncha zikichomoza pembeni, zimegawanyika, nyengine zimepauka rangi.

Kukatika na kupasuka, hayo ndiyo yana udugu. Ncha iliyopasuka ikiachwa, mpasuko waweza kupanda juu, unywele ukazidi kuwa mwembamba hadi ukatike. Mwenye nywele za kipilipili yumo hatarini zaidi, kwa sababu kila mkunjo ni mahali dhaifu, ilhali mwenye nywele za singa huumia zaidi huku mwisho. Lakini wote wawili tatizo lao liko kwenye unywele wenyewe, si kwenye ngozi.

Ndiyo maana kosa hili lina gharama. Mama aliyejifungua huanza kuona nywele zikitoka kwa wingi baada ya miezi 3 hivi, na aliyeugua homa kali vilevile. Zile ni nywele zilizoingia mapumziko kwa pamoja, na kwa kawaida hurudi. Huyu akiambiwa akate ncha, amekatwa bure. Na msichana aliyesukwa kwa kukazwa hadi kingo za mbele zikawa wazi, naye huambiwa kwamba ncha zake ni mbovu. Ncha? Nywele zake zinang'olewa kutoka mahali zinapoota, na mvuto huo ukiendelea kwa miaka, mahali pale huweza kufa kabisa. Wa kulaumiwa hapo ni msuko.

Sasa hayo mafuta ya kichwani. Nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi. Mwenye nywele za sentimita 60, ncha zake zilitoka kichwani yapata miaka 5 iliyopita. Zimepitia kila Idi ya miaka hiyo, kila draya, kila safari ya pwani ya Nyali, kila ushungi uliofungwa nazo zikiwa mbichi. Sehemu iliyo karibu na ngozi ina wiki chache tu duniani. Ukipaka mafuta hapo juu, umehudumia nywele changa na kuzisahau zilizozeeka. Tena unywele ukishatoka nje ya ngozi hauna uhai: hauna damu, hauna mishipa ya fahamu, na ndiyo maana mkasi hauumi. Kisicho na uhai hakiponi. Hakuna mafuta, wala hina, wala maji ya mchele, yanayoweza kuunga ncha iliyokwisha kupasuka. Siramu yenye silikoni huzigandisha pande mbili zikapendeza, lakini baadaye mwaosha na mpasuko uko pale pale. Hina nayo hushika keratini na kuutia unywele rangi, haifungi ufa.

Mafuta yana kazi yake, lakini ni kazi ya kuzuia. Mafuta ya nazi, haya yetu ya tui lililochemshwa hadi yakajitenga, yana asidi ya lauriki inayoweza kupenya ndani ya unywele, na yakipakwa kabla ya kuosha hupunguza upotevu wa protini. Yapake kuanzia katikati hadi nchani. Mafuta ya mbarika ni mazito, hukaa juu. Hayadhuru, ila usiyatarajie yafanye kazi ya nazi.

Hapa kwetu kuna jambo jengine ambalo maandishi ya wenzetu wa bara hayaligusi: maji. Nyumba nyingi za Mombasa huoga maji ya kisima, na visima vingi vina chumvi. Maji hayo hukataa povu, na ukitumia sabuni ya kawaida huacha utando unaofanya nywele kuwa ngumu na kukwaruzana. Kama maji ya bomba yamekuja siku hiyo, au umenunua mtungi kwa mwenye mkokoteni, weka lita chache za suuza ya mwisho. Ukitoka baharini fanya hivyo hivyo, usingoje chumvi ikauke kichwani.

Mengine yanajulikana ingawa hayafanywi. Anza kuchana nchani ukipanda juu. Za kipilipili zichane zikiwa na maji na kondishena, za singa zisubiri zipunguze maji kwanza kwa sababu zikilowa hunyumbuka na kukatika. Zikauke kabla ya ushungi, na ndani yake vaa kitambaa cha satini au hariri, maana pamba husugua kisogo kutwa nzima. Pasi ya nywele iwe ya mara mojamoja, isiwekwe kamwe juu ya nywele zenye unyevu, kwani maji yaliyomo ndani huchemka na kuupasua unywele kutoka ndani.

Na mkasi? Mkasi huondoa mpasuko, haukuzi nywele. Ukuaji uko ngozini, nao haujui kilichokatwa kiunoni. Anayepunguza ncha zake huona nywele zikirefuka kwa sababu kile kilichoota hakipotei tena huku mwisho.

Kwa hivyo dada, ukikalia kiti cha saluni usiseme tu kwamba nywele zaharibika. Mwambie msusi ulichokiona juu ya kitambaa cheusi. Ikiwa ni ncha, mwonyeshe kwa kidole pale mpasuko ulipofika, akate juu yake kidogo tu. Ikiwa ni vitone vyeupe, tena vingi kuliko ilivyo desturi yako, hiyo si kazi ya mkasi wala ya mafuta. Muone daktari wa ngozi.