Tone Linapodondokea Sipo Panapovuja

Simu nyingi ninazopigiwa na wenye yadi za chupa na maboksi huanza hivi: "Fundi, mashine inamwaga mafuta, njoo na sili," yaani ile pete ya kuzuia mafuta yasivuje. Mwenye mashine ameshataja ugonjwa na ameshaandika dawa. Namwambia nakuja, ila sili isubiri. Kwenye mashine za kubana marobota, zinazosukumwa kwa presha ya mafuta, mafuta husafiri. Yanatoka kwenye fitingi ya juu, pale mpira unapoungwa, yanateremka na mpira unaopitisha mafuta, yanazunguka shingo ya silinda, yanadondoka mahali pasipo na kosa lolote. Ukifuata tone utafungua kitu kizima.

Yadi moja ya Vingunguti, Dar es Salaam, ilinipa kazi ya namna hiyo. Wanabana chupa za maji na soda kwa mashine ya kusimama, ile ambayo sahani inashuka kutoka juu. Sili ya rodi, ile nondo inayotoka kwenye silinda kusukuma sahani, ilikuwa imebadilishwa mara tatu, na kila mara inadumu wiki chache tu. Kijana anayeiendesha alinipa shikamoo, kisha akanionyesha beseni alilotega chini. Tone moja kila sekunde. Watu hulidharau tone, lakini matone 20 ni kama mililita moja, kwa hiyo saa 10 za kazi zinakula lita 1.8 hivi. Siku 11, karibu ndoo nzima ya lita 20 imekwenda. Na mafuta yakilowanisha maboksi, mnunuzi analikataa robota, achilia mbali hatari ya moto.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "tuioshe kwanza." Maji, sabuni, brashi, kisha tambara kavu. Petroli hapana. Ilipokauka nikapaka poda ya mtoto kwenye kila fitingi, kwenye mipira na kuzunguka shingo ya silinda, tukabana robota moja. Poda haifichi kitu: panapovuja panageuka tope, mahali pengine panabaki peupe. Fitingi zote zilibaki nyeupe. Shingo ya silinda ililowa, lakini upande mmoja tu, ule wa mlangoni.

Hapa lazima nisimame niseme jambo la mkono. Usitafute mvujo kwa kidole, hata kama umevaa glavu. Mashine nyingi za aina hii hufanya kazi kwenye presha ya baa 150 hadi 200, wakati tairi la gari dogo lina baa 2 na ushee. Mpira ukitoboka tundu la sindano, mafuta yanatoka kama ukungu usioonekana vizuri na yanapenya ngozi. Jeraha ni dogo, halitoi damu ya kutisha, mwanzoni haliumi sana, na hapo ndipo watu wanapopotea: wanafunga plasta wanaendelea na kazi, na baada ya saa kadhaa mkono umevimba, kidole hakiokoleki tena. Pitisha kipande cha boksi kirefu, kitalowa kabla yako. Ikitokea mtu amepigwa, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na daktari aambiwe wazi kwamba ni mafuta ya presha yaliyoingia ndani ya nyama, si kuchomwa na kitu cha kawaida. Na kabla ya kufungua nati yoyote, shusha sahani mpaka ikae, zima umeme, switchi kuu ipigwe kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwako.

Nikarudi kwenye shingo. Mashine ikiwa imezimwa na kufungwa, rodi niliipima kwa ukucha, juu mpaka chini; ukucha ukikwama, kuna mchubuko na sili mpya italiwa tu. Chupa zinazookotwa bonde la Msimbazi huja na mchanga, kwa hiyo michubuko naiona sana. Hii ilikuwa laini. Basi kwa nini upande mmoja?

Nikamuuliza kijana wanajazaje. "Tunamwaga tu kutoka mlangoni, fundi. Zinajaa mbele."

Jibu lilikuwa hilo. Chupa zikilundikana mbele, sahani inagusa upande mmoja kwanza, inalala, na rodi inasukumwa pembeni. Bushi inayoishika rodi ilikuwa imelika na kuwa yai. Sili iliyo ndani ya tundu la umbo hilo inabanwa huku na kuachia kule, hata uiweke ya bei gani. Tulichongesha bushi mpya ya bronzi kwa fundi wa leth, mashine ya kuchonga chuma, tukabadilisha pete ya kuongozea rodi na sili ya kufuta vumbi, na sili ya rodi ikaingia mwisho.

Fitingi nazo zina maradhi yake, ingawa siku ile hazikuhusika. Ya BSP na ya JIC, aina mbili zenye nyuzi na koni tofauti, zinafanana machoni, na mtu akizilazimisha zinaingia uzi mmoja miwili, halafu anazungushia tepu ya bomba la maji na kukaza kwa nguvu zote. Tepu haizibi koni mbili zisizolingana. Inachanika, vipande vinaingia kwenye valvu.

Kulikuwa na jingine lililonisumbua. Marobota yao yalikuwa malegevu, na tangi lilikuwa la moto kupita joto la bati la Dar. Kipimo kilisoma nyuzi 85, na kuanzia nyuzi 82 hivi sili nyingi huanza kukakamaa. Nikashuku sili ya pistoni, iliyo ndani ya silinda: ikiwa mbovu, mafuta hupita upande wa pili. Nikashusha sahani mpaka mwisho, nikaachia presha, nikafungua mpira wa upande wa rodi, nikaziba ule mpira, nikaacha tundu la silinda wazi na chombo chini yake, sote tukakaa mbali. Nikasukuma presha upande wa pili. Tundu likabaki kavu, pistoni ni nzima.

Geji ndiyo ilisema: presha haikufika hata nusu ya iliyoandikwa kwenye kibati cha mashine. Mtu alikuwa amelegeza valvu ya kuachia presha ili mvujo upungue. Kila robota, mafuta yalikuwa yanapitia pale yakirudi tangini bila kufanya kazi, yanageuka joto, na joto linakula sili. Nikairudisha kidogokidogo, jicho kwenye geji, mpaka namba ya kibati. Kijana akajaza chupa, safari hii akizisambaza mpaka nyuma, akabana. Robota lilitoka gumu, na poda shingoni ilikuwa bado nyeupe.