Jinsi Euler alivyothibitisha kuwa 2,147,483,647 ni namba tasa

Namba tasa haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Kwa 7 au 13 jambo hilo linajulikana kichwani. Kwa 2,147,483,647, ambayo waandishi wa programu wanaifahamu kama kikomo cha namba nzima za biti 32, ni kazi nyingine kabisa. Hata hivyo mwaka 1772 mwanahisabati Leonhard Euler alieleza kuwa ni tasa, na alihesabu kwa mkono.

Namba hiyo ni 2³¹ toa 1. Tasa za umbo hili zimepewa jina la mtawa Mfaransa Marin Mersenne, aliyetoa orodha yake mwaka 1644. Kipeo cha 31 alikipatia; cha 67 alikikosea.

Ili kuthibitisha, inatosha kujaribu vigawo tasa visivyozidi kipeuo cha pili, yaani 46,340. Namba ikigawanyika, lazima iwe na kigawo kimoja ndani ya mpaka huo. Lakini tasa zilizomo humo ni zaidi ya 4,700, na kugawanya namba ya tarakimu kumi mara zote hizo kunachosha na kunakaribisha makosa.

Uzuri wa kazi ya Euler uko hapa. Tuseme kuna kigawo tasa, tukiite p. Basi 2³¹ ikigawanywa kwa p hubaki 1. Mwanahisabati Fermat alishaonyesha kuwa 2 kwa kipeo cha (p toa 1) nayo hubakiza 1 ikigawanywa kwa p. Kwa kuwa 31 yenyewe ni tasa, mambo haya mawili hayawezi kukutana mpaka 31 iigawe p toa 1. Na p toa 1 ni shufwa, kwa hiyo hata 62 huigawa. Kuna sharti la pili: p ikigawanywa kwa 8 lazima ibakize 1 au 7. Yaunganishe masharti hayo: p ikigawanywa kwa 248 hubakiza 1 au 63, basi.

Sasa angalia yanayobaki: 63, 249, 311, 497, 559, 745, 807, 993, 1055, 1241, 1303. Katika hizo, tasa ni 311 na 1303 tu. Gawanya kwa 311, baki ni 35. Gawanya kwa 1303, baki ni 226. Ukiendelea hivyo hadi 46,340, hata usipozichuja zisizo tasa, unagawanya mara 373 tu. Hakuna hata moja inayogawanya sawasawa.

Mchujo huu bado unafanya kazi. Oktoba 2024 GIMPS, mradi wa kujitolea unaotafuta tasa za Mersenne, ulitangaza tasa ya tarakimu 41,024,320, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 136,279,841, toa 1. Kabla namba ya aina hii haijaingizwa kwenye jaribio kuu, ambalo ni zito, kompyuta huitafutia kwanza vigawo vidogo, na hujaribu vile tu vinavyobakiza 1 vikigawanywa kwa kipeo mara mbili, na 1 au 7 vikigawanywa kwa 8.