Ganzi ya miguu kwa mwenye kisukari: si kila mara ni sukari

Ganzi kila mtu anaijua. Umekaa mkekani muda mrefu, mguu unakufa, unainuka unachechemea, na baada ya dakika chache umepona. Ganzi ya kisukari haiondoki hivyo. Sukari ikikaa juu kwenye damu kwa miaka, huharibu neva zenyewe, yaani mishipa ya fahamu, pamoja na vimishipa vya damu vinavyozilisha. Neva ndefu ndizo huumia kwanza, na zinazofika vidole vya miguu ni ndefu kuliko zote. Ndiyo maana huanzia vidoleni, miguu yote miwili, kisha ikapanda taratibu kama mtu anavaa soksi. Wengine nyayo huwaka moto, na usiku hata shuka likigusa mguu ni maumivu.

Neva kubanwa mgongoni ni jambo jingine. Diski, ule mto mdogo ulio kati ya pingili za mgongo, huchomoza, au mfereji wa uti wa mgongo hupungua nafasi kwa umri, na neva hubanwa kule inakotokea. Maumivu husikika mguuni, lakini kasoro iko juu. Mara nyingi ni mguu mmoja: hushuka kutoka kiunoni au kwenye tako, nyuma ya paja, hadi unyayoni. Mfereji ukiwa mwembamba, mtu akitembea miguu inachoka na kufa ganzi, akikaa au akiinama mbele anapata nafuu. Utamkuta mtu anaendesha baiskeli vizuri tu, lakini kutembea hadi sokoni kunamshinda.

Mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili, na hapa ndipo inaponiuma: mgonjwa akishasema ana kisukari, kila ganzi yake huhesabiwa kuwa ya sukari. Mwambie daktari ilianzia wapi, ni mguu mmoja au yote, ukikohoa inazidi, ukiinama inapungua. Maelezo hayo yana kazi kuliko kusema tu “miguu inauma”. Na kama unameza metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka, ulizia kipimo cha vitamini B12. Dawa hiyo huweza kuishusha, na upungufu wake huleta ganzi ileile.

Maumivu ya neva za kisukari yana dawa zake, kama amitriptilini na pregabalini. Ganzi yenyewe ya kisukari haina kidonge cha kuiondoa, na mguu usiosikia unaweza kushinda na msumari ndani ya kiatu. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa, usitembee peku hata ndani ya nyumba, na kila jioni kagua nyayo kwa kioo au mwombe mwanao akuangalizie.

Ila ganzi ikishika sehemu za siri, mkojo ukagoma au haja ikakutoka bila kujua, au miguu ikalegea ghafla, usingoje kupambazuke. Huenda neva za chini ya uti wa mgongo zimebanwa kwa pamoja, na zikicheleweshwa huenda zisirudi tena: nenda hospitali usiku huohuo.