Skeli ya kamba na makapi kwenye jahazi la mfano

Skeli ni namba moja inayogawa kila kitu. Ukisema jahazi lako la mfano ni la 1:20, maana yake urefu wa mkuku (ule mti mkuu wa chini ya chombo), unene wa mlingoti na upana wa tanga vimegawanywa kwa 20, na kapi (kile kipande cha mti chenye gurudumu la kupitishia kamba), kamba na hata fundo la kamba hiyo navyo vimegawanywa kwa 20. Aliyesoma ramani za 1:50,000 shuleni anaijua hesabu hii: sentimita moja ya karatasi ni mita 500 za ardhi. Ila mchora ramani anaruhusiwa kudanganya kidogo, kwani barabara huchorwa nene kuliko ilivyo ili ionekane. Mjenzi wa jahazi la mfano hana ruhusa hiyo.

Wengi huifuata skeli kwenye mwili wa chombo tu. Mbao zinapimwa kwa rula, mlingoti unachongwa kwa subira, halafu ikifika zamu ya kamba unachukuliwa uzi wowote uliopo nyumbani. Yaangalie yale majahazi ya mapambo yanayowekwa mapokezi hotelini: chombo cha sentimita 40 kimefungwa kamba za katani za milimita 2. Kama jahazi lenyewe lingekuwa la mita 20, hiyo ni skeli ya 1:50, na kamba ile kwa ukubwa wake halisi ina unene wa sentimita 10. Kamba ya namna hiyo inafaa kufungia meli gatini pale Mwanza South. Kupandishia tanga haifai, maana hakuna baharia wa kuikamata.

Kwa hiyo unaponunua vifaa, usigawe tu, zidisha pia. Pakiti imeandikwa “kapi, milimita 5”, nawe unaona kitu kidogo kama punje ya mchele. Kwenye mfano wa 1:20, kapi hilo ni la sentimita 10, la kamba nyembamba. Kwenye 1:48 linakuwa la sentimita 24. Kwenye 1:64 ni sentimita 32, na kwenye 1:96 ni sentimita 48, karibu nusu mita ya mti unaoning'inia juu ya vichwa vya watu. Punje ni ile ile. Ndiyo maana pakiti isiyokutajia skeli haijakwambia lolote mpaka uzidishe mwenyewe.

Namba hizi za 48, 64 na 96 huwashangaza watu waliozoea mita. Zimetokana na futi ya Kiingereza yenye inchi 12: robo inchi kwa kila futi inakupa 1:48, na moja ya nane ya inchi inakupa 1:96. Hiyo 1:64 ni tatu ya kumi na sita ya inchi kwa futi. Cutty Sark, meli ya chai iliyoshushwa majini mwaka 1869 na sasa iko Greenwich, London, mara nyingi hutengenezewa mifano ya 1:96. Meli halisi ina kamba zipatazo kilomita 18. Zigawe kwa 96 upate karibu mita 188 za uzi, kisha uamue kama una muda huo.

Kuna mtego mmoja unaowanasa hata waliozoea. Majedwali ya zamani ya meli za Kiingereza hutaja ukubwa wa kamba kwa mzunguko wake, si kwa unene. Kamba ya “inchi 6” ina mzunguko wa milimita 152. Gawa kwa 3.14 upate unene wa milimita 48 hivi. Kwenye 1:64 huo ni uzi wa milimita 0.76. Ukidhani inchi 6 ni unene, utaweka uzi wa milimita 2.4, mnene mara tatu, na mlingoti utaonekana umefungwa nyoka.

Uhusiano wa kamba na kapi lake ni rahisi zaidi, na hauhitaji skeli kabisa. Kanuni ya zamani ya makapi ya mbao inasema urefu wa kapi uwe mara tatu ya mzunguko wa kamba, yaani karibu mara tisa na nusu ya unene wake. Kamba ya milimita 16 inataka kapi la sentimita 15. Kwenye 1:20 hiyo ni milimita 0.8 na milimita 7.5. Uwiano haubadiliki hata ukishuka mpaka 1:200. Ukiona kapi kubwa linapitisha uzi mwembamba kama wa kushonea, jua kimoja kati ya viwili hivyo kimekosewa.

Kanuni hiyo lakini ni ya meli za Ulaya. Kama unajenga mtumbwi wa tanga wa ziwani, hakuna jedwali litakalokufaa kuliko futikamba mwaloni. Nenda Igombe au Kirumba asubuhi wavuvi wakiwa wametulia, salimia, omba: “Mzee, naomba nipime jarari na kapi lake.” Pima jarari, yaani kamba ya kupandishia foromali (mti unaofungiwa tanga), na demani, ile ya kushikilia tanga dhidi ya upepo. Mtumbwi wa aina hii una kamba chache, na ndiyo maana kosa moja linaonekana haraka kuliko kwenye meli ya milingoti mitatu, ambako jicho linapotelea kwenye msitu wa nyuzi.

Kuhusu uzi, Mwanza tumebarikiwa. Maduka ya zana za uvuvi yanauza nyuzi za nyavu za kila namba, 210/6, 210/9, 210/12 na kuendelea. Hiyo 210 inaeleza uzito wa nyuzi ndogo, na namba ya pili ni idadi ya nyuzi hizo zilizosokotwa pamoja. Unene hautajwi, kwa hiyo upime: zungusha uzi mara 20 kwenye msumari, mizunguko ikigusana bila kupandana, pima upana wake wote, gawa kwa 20. Upana wa milimita 15 ni uzi wa 0.75. Nailoni inang'aa na inavutika, mimi siipendi kwenye mfano wa kuweka mezani. Pamba iliyopitishwa kwenye nta ya nyuki inatulia vizuri zaidi.

Ukibaki njia panda kati ya saizi mbili, chukua ndogo. Kitu kilichopungua kidogo hakuna atakayekigundua. Kilichozidi kinapiga kelele. Na kama bado una shaka, kata mtu wa karatasi. Mtu wa sentimita 170 kwenye 1:20 ana sentimita 8.5, msimamishe kando ya mlingoti uone kama kamba inaenea kiganjani mwake.

Yote haya ni kwa jahazi la kutazamwa. Likienda majini, hesabu inageuka, kwa sababu upepo wa ziwa haugawanyiki kwa 20. Kwenye 1:20, nguvu ya upepo ule ule kulilaza jahazi inapungua mara 8,000, wakati nguvu ya chombo kujiinua inapungua mara 160,000. Hapo unaongeza uzito wa madini ya risasi chini ya mkuku, unapunguza tanga, na demani unaiweka nene kuliko skeli inavyotaka, kwa kuwa uzi wa 0.8 ukiloa unajisokota na kukwama kwenye kapi la milimita 7. Baadhi ya wajenzi huwa na seti mbili za kamba, moja ya rafuni na nyingine ya majini, na naona wana akili.